Nani Mwenye Taka ya Kitu Kilichouzwa?

Wajibu wa mzalishaji ni kanuni ya sheria za mazingira inayosema kwamba anayeingiza bidhaa sokoni hubaki na sehemu ya mzigo wake hata baada ya kuiuza, mpaka siku bidhaa hiyo na vifungashio vyake vinapogeuka taka. Aliyeipa kanuni hii jina ni Thomas Lindhqvist wa Chuo Kikuu cha Lund, katika taarifa aliyoiandikia serikali ya Sweden mwaka 1990. Mwaka uliofuata Ujerumani iliitia kwenye amri yake ya vifungashio, ikawataka wenye viwanda na wafanyabiashara wagharimie ukusanyaji wa maboksi, makopo na plastiki walizozisambaza. Kwa upande wa fedha, kanuni inahamisha gharama ya taka kutoka kwa halmashauri na kuiingiza kwenye hesabu za yule aliyeamua bidhaa iundwe na ifungwe vipi. Lakini chini ya hesabu hizo lipo swali la kale kuliko sheria zote za taka, ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: mtu akishauza kitu, kikaenda mbali naye, madhara ya kitu hicho bado ni yake?

Zamani muuzaji alijulikana. Duka lilikuwa na mlango, kiwanda kilikuwa na lango na mlinzi, na aliyekuwa na malalamiko alijua pa kwenda. Soko la mtandaoni limeuvunja mnyororo huo. Mwenye kiwanda yuko nchi moja, muuzaji yuko nyingine, mwenye programu inayowakutanisha na mnunuzi yuko ya tatu, na taka inabaki kwa mnunuzi.

Mkazi wa Mabatini, Mwanza, anaagiza kava la simu. Ameliona Instagram kwenye ukurasa wa muuzaji wa Kariakoo anayetuma mizigo mikoani, au ameliagiza China moja kwa moja kwa programu ya simu. Akishalipa, kava linatiwa kwenye kipakiti cha plastiki, kipakiti kinaviringishwa kwa nailoni yenye mapovu ya hewa, vyote vinaingizwa kwenye bahasha ya plastiki ya kijivu, na bahasha inazungushiwa solatepu mara kadhaa isije ikachanika njiani. Mzigo unapanda basi Dar es Salaam, unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi stendi ya Mwanza, na bodaboda anaumalizia mpaka nyumbani. Mteja anakata solatepu kwa kisu cha jikoni, anaivisha simu kava lake, na mkononi anabaki na rundo lenye ukubwa kuliko kava lenyewe. Kava litadumu miezi, pengine mwaka. Plastiki zilizolisindikiza zimemaliza kazi yake dakika hiyo hiyo.

Nyumba za sehemu kubwa ya Mwanza zimepanda milimani katikati ya majabali, na vichochoro vyake ni vya miguu tu. Gari la taka haliwezi kufika. Nailoni nyingine hutumika kuwashia jiko la mkaa, na moshi wake huvutwa na anayepika na watoto walio karibu naye. Nyingine hutupwa korongoni, na mvua za masika zikishuka huzibeba hadi mto Mirongo, unaokatiza jijini na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu. Maji yake mengi huingia kwa mvua inayonyesha juu yake na hutoka kwa mvuke, na njia ya kutokea kwa mto ni moja, Nile, pale Jinja. Maji yanapovukizwa, plastiki haiendi nayo.

Na plastiki hiyo imekwisha kuingia kwenye samaki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Farhan Khan, Bahati Mayoma na wenzao, sangara 20 na sato 20 walinunuliwa sokoni Mwanza, matumbo yao yakachunguzwa katika maabara, na vipande vilivyotiliwa shaka vikapimwa ili kujua vimetengenezwa kwa nini. Plastiki ilithibitishwa katika samaki mmoja kwa kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo katika maziwa makuu ya Afrika. Watafiti hawakuweza kusema kipande kipi kimetoka kwenye nyavu, kipi kwenye nguo na kipi kwenye kifungashio, na si kazi ya maabara kusema hivyo. Hapo ndipo penye ugumu wa kimaadili. Madhara yapo na yanaonekana, lakini hakuna kipande kinachobeba jina la aliyekiingiza.

Jibu lililozoeleka Tanzania ni kwamba mwenye taka ni aliyeishika mwisho. Lina mizizi mizuri. Uislamu umeuunganisha usafi na imani, na malezi ya Kikristo ya misheni za kanda ya ziwa yalifundisha usafi wa nyumba pamoja na katekisimu. Serikali nayo imelitia nguvu: tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa na Rais John Magufuli akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Watu walitoka kweli na mafagio, makoleo na mikokoteni, wakazibua mitaro. Maadili hayo ya ufagio ni ya kuheshimiwa, na jiji lisilokuwa nayo haliwezi kukaa safi. Upungufu wake ni kwamba yanaanza kazi pale plastiki inapodondoka. Hayamuulizi aliyeamua kwamba kava moja lifungwe kwa tabaka nne. Mnunuzi wa Mabatini hakuulizwa kama anataka solatepu mara tano, wala hakupewa nafasi ya kulipa kidogo zaidi afungiwe kwa karatasi. Kumfanya yeye peke yake mwenye taka ni kumtwika uamuzi wa mtu mwingine.

Torati ina sheria inayolisogelea swali hili kwa karibu kuliko mahubiri mengi ya usafi. Katika sura ya 21 ya Kutoka, mtu akichimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe au punda wa mwingine akatumbukia, mwenye shimo hulipa thamani ya mnyama, na mzoga unakuwa wake. Ili awajibike, si lazima mwenye shimo awe alikuwapo wala awe alikusudia. Hata kama alikuwa amelala nyumbani kwake siku hiyo, anawajibika kwa sababu aliweka duniani kitu ambacho kwa hali yake ya kawaida kinadhuru, kisha akaondoka bila kukifunika. Na sheria haikuishia kwenye fidia. Ilieleza pia mzoga ni wa nani: asibaki nao aliyefiwa na mnyama akahangaika namna ya kuuondoa, uende kwa aliyesababisha. Marabi wa Talmudi waliifanya habari ya shimo kuwa mojawapo ya misingi minne ya madhara, wakajadili shimo la kina gani, lililochimbwa wapi, na lililouzwa kwa nani. Kanuni ya wajibu wa mzalishaji, ikivuliwa lugha ya wizara na mikataba, inasema karibu jambo hilohilo.

Fikihi ya Kiislamu inatoa hoja nzito zaidi, lakini inayokata pande mbili. Imepokewa na Bi Aisha, katika mikusanyo ya Abu Dawud na Tirmidhi, kesi ya mtu aliyenunua mtumwa, akanufaika na kazi yake, kisha akagundua kasoro na kumrudisha. Muuzaji akadai malipo ya kazi ile. Mtume akaamua kwamba faida humfuata yule ambaye hasara ingekuwa juu yake. Kutokana na hukumu hiyo na nyingine, wanachuoni walijenga kanuni kwamba anayechuma manufaa ya kitu ndiye anayebeba gharama zake, na mkusanyo wa sheria wa Dola ya Uthmania wa karne ya 19 uliiandika kama kifungu, pamoja na kile kinachokataza kudhuru na kulipizana madhara.

Kwa mtazamo wa haraka kanuni hiyo inamtetea muuzaji. Mauzo yamekamilika, mnunuzi amepokea mali, manufaa ya kava ni yake, kwa hiyo na uchafu ni wake. Wafanyabiashara wengi waadilifu wanaamini hivyo, na hawajakosa msingi. Lakini hoja hiyo inachanganya vitu viwili vilivyomo kwenye bahasha moja. Manufaa ya kava ni ya mnunuzi kweli. Manufaa ya kifungashio ni ya nani? Mapovu ya hewa na solatepu vimewekwa ili mzigo usiharibike kabla ya kufika, yaani katika muda ambao hasara ingekuwa ya muuzaji. Bahasha imara humpunguzia muuzaji malalamiko na marejesho, na humlindia nyota anazopewa na wateja kwenye programu. Kwa hiyo kwa kanuni ileile ya fikihi, kava na taka yake vinaweza kumwelekea mnunuzi, lakini kifungashio kinamrudia aliyekitumia kulinda faida yake. Tofauti hii haipewi uzito unaostahili katika mijadala ya taka, na pengine ndiyo inayogawa wajibu kwa haki kuliko nyingine yoyote.

Mahakama za Uingereza zilifika karibu na hapo kwa njia ya Injili. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kwenye chupa isiyoonyesha kilichomo. Baadaye alidai kwamba ndani yake mlikuwa na konokono aliyeoza na kwamba aliugua. Hakuwa na mkataba na mtengenezaji, wala si yeye aliyelipia. Mwaka 1932 Jaji Atkin wa Bunge la Mabwana alichukua swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu kabla ya kusimuliwa mfano wa Msamaria mwema, swali la jirani ni nani, akalileta mahakamani. Jibu lake, kwa maana yake, ni kwamba jirani ni yeyote anayeguswa na tendo la mtu kwa ukaribu kiasi kwamba mtendaji alipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Mtengenezaji akawa na wajibu kwa mnywaji asiyemfahamu. Uamuzi huo umeingia katika sheria za madhara za nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kiingereza, Tanzania ikiwa mojawapo.

Pingamizi la wazi ni kwamba konokono alikuwa kasoro, na bahasha ya plastiki si kasoro, imefanya kazi yake sawasawa. Pingamizi hilo linaimarisha hoja badala ya kuivunja. Konokono anaingia kwenye chupa kwa bahati mbaya, mara moja katika maelfu. Bahasha itageuka taka kila mara, bila kukosa, na anayeituma anajua hivyo anapoifunga. Ikiwa sheria inamwajibisha mtu kwa ajali aliyopaswa kuikisia, ni vigumu kuona sababu ya kumwachilia kwa tokeo analolijua kwa hakika.

Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wajibu, aliona kwamba maadili ya kale yalitungwa kwa watu wanaoonana uso kwa uso, na kwamba teknolojia imeurefusha mkono wa mwanadamu kuliko jicho lake. Ziwa Victoria linathibitisha sehemu ya kwanza ya kauli hiyo kuliko ya pili. Mfungaji mizigo wa Guangzhou hajawahi kuuona mto Mirongo na hatauona. Lakini programu anayouzia inajua mteja yuko Mwanza, inajua namba yake ya simu, mzigo una uzito gani na umefika saa ngapi. Jicho linalohitajika tayari limeshaundwa, kwa ajili ya biashara. Kusema wajibu hauwezekani kwa sababu ya umbali, wakati faida inavuka umbali huohuo bila shida, si hoja ya kweli.

Kuna hadithi iliyomo katika Bukhari, iliyopokewa na Nu'man bin Bashir, ambayo wakazi wa mwambao wa ziwa huielewa bila kufafanuliwa. Watu wamepanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kila wakitaka maji, hulazimika kupita kwa wa juu, wakaona ni heri watoboe sehemu yao wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Kwa kawaida masheikhe huitumia kufundisha kukatazana maovu, na ni matumizi sahihi. Ila jambo moja katika kisa hicho hupitwa upesi: wa chini wanataka kutoboa kwa sababu hawana njia ya kupata maji. Mkazi wa mlimani anayetupa nailoni korongoni yuko katika hali hiyo. Kumshika mkono ni haki, lakini asiyempa njia nyingine ya kutupa taka zake hajamaliza wajibu wake kwake. Na njia hiyo, yaani wakusanyaji wanaopanda vichochoro kwa miguu, mahali pa kukusanyia na usafiri wa kwenda dampo la Buhongwa, ina gharama. Swali la nani alipe halikwepeki.

Mwambao wa ziwa umewahi kulijibu swali hilo bila falsafa. Soda na bia za chupa za kioo, zinazotengenezwa na viwanda vya Mwanza vyenyewe, zimeuzwa kwa miongo mingi kwa masharti kwamba chupa inarudi. Mnunuzi ananunua kinywaji. Chupa ameazimwa, na asiyeirudisha anaacha fedha. Kreti tupu hupanda lori lilelile lililoleta kreti zilizojaa, chupa zinaoshwa, zinajazwa upya. Hata kwenye visiwa vya Ukerewe ambako kila kitu hupita majini, chupa tupu ina bei na kwa hiyo haizagai ufukweni. Hakuna aliyeuita utaratibu huo sera ya mazingira. Kiwanda kilizihitaji chupa zake, ikatosha. Uchafu ulianza kuenea pale kiwanda kilipopata chupa ya plastiki nafuu kiasi cha kutohitaji irudi, na nafuu hiyo ilipatikana kwa kuwaachia wengine gharama ya mwisho wake.

Kwa bidhaa za mtandaoni, anayefaa kusimama mahali pa kiwanda ni mwenye soko. Sababu yake inaonekana Mwanza kila asubuhi. Anayepanga samaki mwaloni Kirumba au nguo za mitumba Mlango Mmoja hulipa ushuru, na kwa ushuru huo mwenye soko huwa na deni la kufagia, kuzoa taka na kuweka vyoo. Halmashauri ikichukua ushuru na kuyaacha maganda yakaoza, wafanyabiashara hulalamika, na kila mtu hukubali kwamba wana haki. Miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na muhtasibu, msimamizi aliyekagua mizani, ubora wa bidhaa na usafi wa njia, kwa imani kwamba soko lisilo na mwangalizi huwadhulumu hata wasionunua humo. Programu ya mauzo ni soko kwa maana zote: inakutanisha watu, inaweka masharti, inachukua kamisheni kwa kila mauzo. Inachukua ushuru, na haifagii.

Ulaya imekwisha kutunga sheria juu ya hoja hii. Ufaransa, kwa sheria ya uchumi mzunguko ya Februari 2020, iliamua kwamba kuanzia 1 Januari 2022 soko la mtandaoni linawajibika kwa taka za wauzaji wake, isipokuwa liwe na namba ya usajili inayoonyesha muuzaji husika ametimiza wajibu mwenyewe. Ujerumani kuanzia 1 Julai 2022 iliyakataza masoko hayo kumruhusu muuzaji asiyeandikishwa kwenye daftari la vifungashio. Chanzo kimojawapo kilikuwa malalamiko ya wafanyabiashara wa ndani, waliokuwa wakilipia taka zao huku washindani wa mbali wakituma vifurushi bila kulipa chochote. Hivyo sheria hizo zilizaliwa na wivu wa biashara pamoja na huruma kwa mazingira, jambo lisilozipunguzia uhalali. Haki mara nyingi hupata nguvu pale maslahi ya mtu yanapokubaliana nayo.

Hata hivyo Ujerumani haina kiwango cha chini. Anayetuma kifurushi kimoja kwa mwaka hujiandikisha kama anayetuma milioni. Kuuchukua utaratibu huo kama ulivyo na kuuleta Mwanza kungekuwa dhuluma. Kijana wa Makoroboi anayenunua kava dazeni mbili Kariakoo na kuziuza WhatsApp ni muuzaji wa mtandaoni kwa tafsiri yoyote ya sheria, lakini amezipokea zikiwa zimeshafungwa na hakushauriwa na aliyezifunga. Dini zote mbili kubwa za Tanzania zinafundisha kwamba mtu hatwikwi asichokiweza, na kwamba aliyepewa kingi hudaiwa kingi. Kipimo cha haki kina sehemu tatu: aliyeamua kifungashio kiweje, aliyefaidi zaidi, na anayeweza kujua kiasi kilichoingia nchini. Kwa vipimo vyote vitatu mzigo unampandia mwenye kiwanda, mwingizaji mkubwa na mwenye programu kabla ya kumfikia kijana huyo. Kilicho chake ni kile anachokiongeza kwa mkono wake, ile solatepu ya ziada na bahasha mpya anapotuma Geita au Sengerema, na hapo anaweza kudaiwa, kwa kiasi chake.

Wapo wanaohofia kwamba ada yoyote itamwangukia mnunuzi maskini kwa kupanda kwa bei. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inachukulia kwamba leo taka hizo hazilipiwi. Zinalipiwa. Anazilipia mvuvi anayeinua wavu wenye nailoni, mama anayechambua takataka kwenye dagaa kabla ya kuwaanika, mlipa bili ya maji yanayovutwa ziwani na kusafishwa, na jirani wa korongo ambaye maji yameingia ndani kwake kwa sababu mtaro umeziba. Wengi wao hawajawahi kununua chochote mtandaoni. Bei ya kava ni nafuu kwa sababu sehemu yake wamelipa watu hao bila kuulizwa, na hakuna dini wala falsafa ya haki inayokubali biashara ya namna hiyo ikishaelezwa waziwazi.

Sheria ya Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kugawa uzito. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza 1 Juni 2019 liliweka faini ya kati ya shilingi 20,000,000 na 1,000,000,000 kwa mtengenezaji au mwingizaji, na kati ya 30,000 na 200,000 kwa aliyekutwa na rambo mkononi. Ngazi hizo zimebeba falsafa sahihi: aliye karibu na chanzo anadaiwa zaidi. Lakini katazo lile lilihusu mfuko wa kubebea, na bahasha ya kijivu na nailoni ya mapovu hazikuwa hoja yake. Mwaka 2021 zikafuata kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zinazogusa simu na chaja zinazojaa katika biashara hii. Na kwa Sheria ya Fedha ya 2022 serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 2 kwa watoa huduma za kielektroniki walioko nje ya nchi. Maana yake ni kwamba kampuni isiyo na ofisi Tanzania inaweza kufikiwa, ikaandikishwa na ikalipa.

Kwenye ziwa lenyewe, Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ya mwaka 2003 iliziunganisha Tanzania, Kenya na Uganda katika msingi kwamba mchafuzi hulipa. Kenya imekwenda mbele zaidi: sheria yake ya usimamizi wa taka ya 2022 imeufanya wajibu wa mzalishaji kuwa wa lazima, na kanuni za utekelezaji zikatolewa mwaka 2024. Kenya ina takriban asilimia 6 ya ziwa. Tanzania ina asilimia 51, na ndiyo inayopaswa kuwa na bidii kubwa kuliko wote. Mamlaka za mazingira na za kodi zina pa kuanzia: soko lolote la mtandaoni linalouza kwa wateja wa Tanzania lisimpokee muuzaji mkubwa asiye na namba ya usajili wa vifungashio vyake, na pale ambapo namba haipo, soko lenyewe lilipe, fedha hizo ziende kwa wanaopanda vichochoro vya Mabatini kukusanya taka.